Mtamba Aliyepoteza Rangi

Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya Menengai tangu asubuhi kama wageni wasiosema wamekuja kufanya nini. Hayanyeshi, hayaondoki. Nami niko vivyo hivyo.

Nimefunga studio mapema. "Studio" ni neno kubwa. Ni kijichumba nyuma ya duka la fotokopi hapa mjini Nakuru, chenye dirisha moja ambalo nililipaka rangi nyeusi kwa mkono wangu ili mwanga wa nje usiniharibie picha za pasipoti. Wakati ule niliona ni ujanja. Siku hizi nikikaa humu naona ni mtu aliyejijengea seli, akajinunulia hadi rangi ya kuipaka.

Kuna jambo nimelibeba miezi minne. Leo limetolewa nje na mwanamke ambaye hajawahi kushika kompyuta maishani mwake, kwa kutumia kichwa chake tu. Nikisema kichwa, namaanisha kichwa. Mtaelewa.

Wacha nianze pale nilipoharibu.

Kiprono ni rafiki yangu wa miaka mingi. Alikuwa anamwoa Chebet, na mahari ilikubaliwa ng'ombe watano. Lakini serikali ilikuwa imeweka karantini, ule ugonjwa wa miguu na midomo, na hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa hata kuvuka barabara. Kwa hivyo ng'ombe wakabaki Ndabibi kwa Mzee Kirui, anko yake Kiprono, na watu wa Chebet wakaenda kuwaona huko huko. Waone, wale, wakubaliane, karantini ikiisha waletewe nyumbani upande wa Njoro. Mama Chebet akapewa heshima yake: achague mwenyewe mtamba wa mama, kwa sababu mtoto hajilei.

Mimi nilikuwa mpiga picha. Kwetu, sisi wa magharibi ambao babu zetu waliletwa Nakuru na reli, ng'ombe ni ng'ombe tu. Wanaojulikana mmoja mmoja ni kuku. Lakini siku ile nilisoma. Mama Chebet alizunguka zizi mara mbili, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Akawapita wote. Akasimama mbele ya mtamba mmoja mwekundu, wekundu wa tofali lililonyeshewa, uso mweupe. Akasema, "Hii."

Neno moja. Wanaume wakatikisa vichwa, mambo yakaisha.

Nikawaweka pamoja, mama na mtamba, nikawapiga. Mtamba akanikanyaga kiatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu ukucha wa dole gumba uling'oka wiki mbili baadaye. Mtu husahau mengi, lakini hasahau rangi ya mnyama aliyesimama juu ya mguu wake.

Na kabla ya yote nilikuwa nimetoa amri, kwa sauti ile ya mtu mwenye kamera shingoni: "Simu zote mfukoni tafadhali, zinaniharibia picha." Wakatii. Watu wa adabu sana, wale.

Laiti wangekuwa wakaidi.

Sasa, kwa yule asiyefanya kazi hii: picha ya rangi ndani ya kompyuta si picha moja. Ni tatu zimelaliana. Moja imeshika wekundu, moja kijani, moja buluu. Programu ya kuhariri inakuruhusu kuzima mbili ubaki na moja, na hiyo moja ukiiangalia peke yake ni kijivu tupu, kama picha za zamani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua siku moja nikibonyeza vitu ovyo, na hiyo ndiyo shule niliyosomea, sijafukuzwa bado.

Kila moja, tunaiita chaneli, ina tabia yake. Ya buluu ni mbea: inatoa kila chunusi, kila kovu, kila deni la usingizi. Ya kijani ni karani, inaandika ilichokiona. Lakini ya nyekundu, jamani, ya nyekundu ni mkwe siku ya kwanza. Inasifu tu. Ngozi zetu zina wekundu mwingi kwa chini, kwa hivyo kwenye chaneli hiyo mtu anang'aa, mikunjo inaondoka, mzee wa miaka themanini anatoka kama aliyepakwa mafuta na malaika.

Ila ina neno moja. Chochote chekundu, kwayo, ni cheupe. Nyanya inakuwa yai.

Nilijua hilo. Hapo sina pa kujificha.

Nilitaka kujaribu tu. Nikarekodi hatua: fungua picha, bakiza nyekundu, hifadhi, funga. Nikaiambia kompyuta irudie hivyo kwa folda nzima ya Ndabibi, nikaenda kuchemsha chai. Kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki, cha kusema nakala ziwekwe mahali pengine. Sikukiweka tiki. Niliporudi na kikombe, picha mia tatu na kitu zilikuwa kijivu, na zile za rangi zilikuwa zimefunikwa na hizo, moja kwa moja, jina kwa jina. Kadi ya kamera nilikuwa nimeifuta asubuhi hiyo hiyo nikapige mahafali ya chekechea. Nikatafuta programu ya kufufua picha zilizofutwa. Ikanifufulia watoto arobaini wamevaa joho.

Nilikaa. Nikainywa ile chai yote, polepole, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Kisha nikamwandikia Chebet: "Nimewafanyia kitu spesheli. Si picha za kawaida. Ni sanaa."

Hapo ndipo mlango ulipojifunga, na mimi ndiye niliyeuvuta.

Kwa sababu walizipenda. Wakazipenda kupita kiasi. Wazee walitoka vijana, shangazi mmoja akalia, Kiprono akasema sasa amejua kwa nini watu hulipa wapiga picha. Wakaagiza harusi yenyewe iwe hivyo hivyo, nikaifanya, safari hii nikiwa nimeweka nakala nne kama mtu aliyeumwa na nyoka. Jina langu likatembea kutoka Milimani, ambako Chebet aliolewa, hadi huku Kiamunyi ninakolala. Watu wakaanza kuniita kwa simu: "Ni wewe yule wa picha za kijivu?" Nikaanza kuongea polepole. Nikanunua kofia.

Uongo mwingine unakutafuna. Huu wangu ulikuwa unanilisha. Huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu huuoni meno.

Wiki tatu zilizopita karantini ikaondolewa. Mzee Kirui akapeleka ng'ombe Njoro. Wanne walikuwa sawa. Wa tano, mtamba wa mama, alishuka kwenye lori akiwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Uso mweupe, ndiyo. Lakini mwili, maziwa.

Mama Chebet akasema huyu siye. Mzee Kirui akasema ndiye. Mama akasema alichagua mwekundu. Mzee akatoa albamu.

Albamu yangu.

Na pale ukurasa wa tisa, mama amesimama na mtamba, na mtamba ni wa kijivu chepesi, kama vile angetoka ng'ombe wa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Mwanga wa alasiri ulikuwa umemwosha, na mimi nilikuwa nimeongeza mwangaza kidogo, kwa ajili ya sanaa.

"Picha haidanganyi," akasema Mzee Kirui. Nasikia ameisema mara nyingi tangu siku hiyo, mpaka watoto wa huko wanaiimba.

Hapo ningesema. Mtu mwenye uti wa mgongo angepiga simu siku hiyo hiyo. Mimi nilipoambiwa na Kiprono, nilisema, "Aisee," kisha nikauliza habari za kazi.

Mambo yakaendelea bila mimi. Mtamba akarudishwa Ndabibi. Watu wakakumbuka kwamba Mama Chebet alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana. Wakaanza kumwambia kwa upole, na upole huo ndio kisu: mama, macho yamezeeka, si vibaya, hutokea. Dadake mdogo, ambaye alikuwa naye zizini siku ile na akaona kwa macho yake mawili, aliangalia albamu mara kadhaa, halafu akasema, "Sasa mimi pia sikumbuki vizuri." Fikiria hiyo. Picha iliingia ndani ya kichwa cha mtu ikabadilisha ng'ombe. Chebet yuko katikati, huku mama, huku anko ya mume. Mama yake amesema hakanyagi Milimani mpaka mtamba wake apatikane, na kama ni yeye ameanza kupotea akili, basi pia hakanyagi, asije akamtia aibu mtoto.

Wote walitafuta picha nyingine ya rangi. Hakuna. Si nilikataza simu? Ilipatikana selfi moja ya shangazi, na nyuma yake sikio la ng'ombe. Sikio lenyewe lilikuwa kivulini.

Kwa hivyo wakanigeukia mimi. "Tuletee ile ya rangi, ile orijino." Nikasema nitatafuta. Nimetafuta wiki tatu kitu ambacho najua hakipo. Mikutano ya kutafuta ng'ombe ikapangwa, na wa mwisho ni Jumamosi hii, wazee wa pande zote mbili, Ndabibi.

Juzi Jumanne Mzee Kirui akanipigia. Sauti tamu kama uji wa sherehe.

"Kijana wa picha! Hujambo? Ile kazi yako ni safi sana. Usiiguse."

"Sawa mzee."

"Wacha hivyo ilivyo. Kijana wangu anaoa Desemba, na mpiga picha ni wewe. Nimeshawaambia, hakuna mwingine."

"Asante mzee."

Nilishukuru. Hilo neno lilinitoka kama kwikwi. Kama alibadilisha ng'ombe kwa kujua, au mchungaji wake alikosea zizi, hilo sijui na sitasema nisichojua. Lakini mtu asiye na wasiwasi na picha haombi isiguswe.

Jana Jumatano nikafanya ujanja wa mwisho. Nilijiambia: mtamba alikuwa mwekundu, huo ni ukweli. Nikimpaka wekundu, nitakuwa nimesema ukweli. Nimetumia siku nzima. Majani nikayapaka kijani, mbingu buluu, udongo wa zizi, gauni la mama nikakisia samawati. Mtamba nikampaka rangi tatu juu kwa juu mpaka akatoka yule yule aliyenikanyaga, tofali la mvua, hata unyevu wa pua. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile. Nikampigia Mama Chebet. "Mathe, nimeipata ya rangi. Njoo uone."

Leo akaja. Kutoka Njoro, peke yake, amejifunika shali nzito kuanzia kichwani kwa ajili ya baridi, albamu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamkalisha kwenye stuli ya picha za pasipoti.

"Habari ya Njoro, mama?"

"Njoro iko. Nionyeshe ng'ombe yangu."

Nikamgeuzia skrini.

Akamkagua kutoka pembe hadi mkia. Kisha akajipiga paja.

"Ndio hii! Ndio hii! Angalia hiyo matako. Ile waliniletea ilikuwa na matako ya mbuzi!" Akakaribia skrini mpaka pumzi yake ikatengeneza ukungu kwenye kioo. "Sasa wataniambia nini? Eh? Wataniambia macho?"

Nikacheka naye. Kwa dakika moja nilikuwa mtu mwema. Ni hisia nzuri, naipendekeza kwa wote.

Halafu akainama zaidi.

"Na huyu mwanamke ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Wewe kabisa."

"Huyu amefunga kitambaa nyeupe."

"Eeh."

"Kijana. Mimi nilifunga nyeupe lini? Mimi ni nesi?"

Nikasema labda ni jua, jua la Ndabibi ni kali, huwa linachoma rangi kwenye picha. Hata sasa naandika hili nasikia haya hadi masikioni, kwa sababu nililisema kwa ile sauti ya polepole.

"Jua," akasema. "Lichome kitambaa, liache ng'ombe."

Akaivuta shali ikashuka mabegani. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Chekundu cha kutosha kusimamisha lori.

"Ndio hii nilivaa siku ile. Nimekuja nayo makusudi, useme kama ni yenyewe. Unafikiri ile ng'ombe niliichagua kwa nini? Tulifanana!"

Nikaangalia kitambaa. Nikaangalia skrini. Mimi, ninayejua kwamba nyekundu hutoka nyeupe, mimi ninayewaeleza wenzangu, nilikuta kitambaa cheupe kwenye picha nikakiamini. Nilikiacha hivyo hivyo kwa sababu cheupe hakihitaji kupakwa. Nilimwokoa ng'ombe kwa sababu alinikanyaga. Mama hakuwa amenikanyaga.

Nikamwambia. Sikupanga, yalitoka tu. Chaneli tatu, kisanduku cha tiki, chai, mahafali, "ni sanaa." Nilieleza vibaya, nikarudia, nikatumia mfano wa nyanya na yai. Hakunikatiza. Nje mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa karatasi za mtu, moja moja, na nikatamani ziwe nyingi zisiishe.

Nilipomaliza akauliza:

"Kwa hivyo hata hii ng'ombe umeipaka."

"Ndiyo, mama. Lakini rangi ni yenyewe."

"Ungetaka ungeipaka kijani."

"Ningeweza."

"Na Kirui akikuambia upake nyeupe?"

Alikuwa ananiangalia na yale macho ambayo watu wanasema yamezeeka, na yalikuwa yanaona mpaka ukutani nyuma yangu.

"Basi hiyo si ng'ombe yangu," akasema. "Hiyo ni ng'ombe yako. Futa."

Nikafuta. Siku nzima ya kazi yangu nzuri kuliko zote, kitufe kimoja. Hii haikuwa na nakala.

"Sasa lete ile ya kijivu."

Nikaileta. Akafungua kitambaa kichwani, akakikunja, akakishikilia kando ya skrini, karibu na kichwa chake cha kwenye picha. Chekundu hapa, cheupe pale. Akakaa hivyo mkono umenyooka, nywele zake za mvi zimelala, mpaka nikadhani amechoka.

"Kila mtu anaijua hii," akasema. "Kanisa lote. Hata Kirui, siku ile alisema mbele ya watu naonekana kama taa ya polisi, wakacheka. Sasa kama mashine imefua kitambaa ikawa nyeupe, ng'ombe itabaki aje?"

Wiki tatu. Wazee, albamu, selfi ya shangazi, mimi na programu zangu. Na jibu lilikuwa limefungwa kichwani mwa mwenyewe, linakwenda kanisani kila Jumapili.

Akakishusha kitambaa mapajani. Akajifunika macho kwa kiganja, yote mawili, kama mtu anayepima kitu. Kisha akasema, na hakuwa anasema na mimi:

"Kwa hivyo ni mazima."

Nilitazama dirisha langu jeusi.

Alipojifunga tena kitambaa alikuwa amerudi kuwa msimamizi wa mtihani.

"Jumamosi utakuja Ndabibi."

"Mama, si nikuandikie tu maelezo, uende nayo? Niweke na sahihi?"

"Barua haina uso. Kitambaa nitabeba mimi. Hiyo maneno ya mashine kufua, mimi siwezi kuieleza, utaieleza wewe. Kwa mdomo. Mbele ya Kirui."

"Wataniuliza kwa nini sikusema."

"Wakuulize."

Akachukua albamu yake. Mlangoni akageuka.

"Na usiniite mama. Utaniita Jumapili."

Akaenda. Hiyo ilikuwa saa nane. Tangu hapo niko humu ndani nikihesabu milango.

Mlango wa kwanza: naweza kuwa mgonjwa Jumamosi. Tumbo ni rafiki wa waongo, halipimwi. Wa pili: naweza kwenda nikaeleza kitaalamu sana, chaneli hivi, mwanga vile, mpaka wazee wachoke waseme basi, na nisiseme kamwe kwamba nilikosea, niseme tu "teknolojia." Huo naupenda. Nimekaa nao karibu saa nzima, nimeupamba. Lakini Mama Chebet atakuwa ameketi pale na kitambaa mapajani, na nimeshaona jinsi anavyosikiliza.

Wa tatu umejileta wenyewe. Saa tisa na nusu ujumbe kutoka kwa Mzee Kirui: "Kijana wa picha, nasikia umealikwa Jumamosi. Usijisumbue na safari. Picha inatosha."

Nimeusoma mara sita. Sijawahi kuonyeshwa njia ya kutokea kwa heshima namna hiyo. Nikikaa nyumbani Jumamosi sitakuwa nimesema neno lolote la uongo. Nitakuwa nimekaa tu. Na huko Ndabibi mwanamke mmoja atanyosha mkono na kitambaa, na mtu atamwambia kwa upole, mama, mambo ya kompyuta wewe utayajua wapi.

Nikienda, nitapoteza Desemba, hiyo naijua. Nitampoteza labda na Kiprono, kwa miezi. Wale wote walioniita msanii watarudi kwenye albamu zao wakaziangalie upya, na watacheka, na watakuwa na haki. Kofia nitaivua.

Najijua. Mimi nina moyo wa alasiri. Saa hii nimeamua, kesho asubuhi nitakuwa nimelainika, na Jumamosi tumbo litauma kweli. Kwa hivyo nimeandika haya hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, ambapo nusu ya wasomaji wangu ni watu niliowapiga picha na nusu nyingine ni jamaa zao. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini Ndabibi si kubwa, na mahari yenye kesi ya ng'ombe mwekundu si nyingi. Kufikia jioni mtu atakuwa amemtumia Kiprono. Kufikia kesho Mzee Kirui atakuwa amesomewa. Jumamosi nikifika nitakuta wanajua tayari, na nisipofika watajua ni kwa nini.

Kwa hivyo wasomeeni vizuri. Mtamba wa mama alikuwa mwekundu. Picha ya ukurasa wa tisa ina chaneli moja kati ya tatu. Mbili nilizipoteza mimi, kwa uzembe, nikaita sanaa.

Nimeisoma tena mara moja. Kuna mahali najionea huruma kupita kiasi, na kuna mahali nimejifanya mcheshi ili mnipende. Kidole changu kimeanza kutaka kurekebisha, kupunguza hapa, kung'arisha pale.

Naiweka hewani sasa hivi, kabla sijaanza kuipaka rangi.